Mwezi Mpevu wa Tarehe Kumi

Mama mkwe alikuja kwa wiki mbili. Sasa ya sita ilikuwa ikikatika. Mkwewe, mpanga kurasa za kalenda, hakuwa na ugomvi naye, ila mama huyo alikuwa akifagia chumba chao alfajiri, mwenye chumba angali kitandani. Na kile kiti cha dirishani, alichokalia kila akitoka kiwanda cha uchapaji, kilikuwa kimepata mwenyewe mwingine.

Siku moja mezani mama akasema, "Wanangu, nimewachosha. Nitaondoka siku ya mwezi mpevu. Kutoka stendi hadi kwangu hakuna taa, na basi hufika giza limeshaingia."

"Mbona haraka hivyo, Mama?" alisema mpanga kurasa, jicho limeshafika ukutani.

Ukutani palikuwa na kalenda mbili. Ile waliyopewa bure buchani ilionyesha mwezi mpevu tarehe tisa, yaani kesho yake. Ya pili, aliyoipanga yeye mwenyewe, ilionyesha tarehe kumi.

Mama naye alikuwa ameziona. "Nani kakosea hapa?"

Angesema tu "mimi", angepata siku nzima ya raha. Lakini tarehe hiyo alikuwa ameigombania na msimamizi wake kutwa nzima, mpaka akaitwa mnajimu mbele ya wenzake. Ulimi ukakataa katakata.

"Bucha wamekosea," akajisikia akisema. "Mwezi hupevuka dakika moja kwa dunia nzima, Mama. Wataalamu wameandika saa nne na dakika ishirini usiku, tarehe tisa. Lakini hiyo ni saa ya huko kwao. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Dakika hiyo ikifika, huku ni saa saba na dakika ishirini usiku, tarehe imeshageuka. Walioipanga ya bucha walinakili tu, hawakujumlisha."

"Kumbe! Na wewe ulijumlisha?"

"Mwaka mzima, Mama."

Mkewe akaweka kijiko chini. "Lakini huo usiku wa kuamkia kumi si ndio unaoanza jioni ya tisa? Mama akifika kesho jioni, si mwanga ni ule ule?"

Mpanga kurasa alitamani kumkumbatia. "Tena kesho jioni ndiyo iliyo karibu zaidi na dakika yenyewe!"

"Hapana," alisema mama. "Mkwe wangu kaandika kumi, nami naondoka kumi. Siwezi kumwaibisha kwa kalenda ya nyama."

Basi tarehe kumi, saa tano asubuhi, mpanga kurasa aliomba ruhusa kazini, akambebea mama begi mpaka ndani ya basi. Mama hajatulia kitini, abiria wa nyuma akamwambia jirani yake kwamba mwezi mpevu ulikuwa jana.

"Jana?" Mama aligeuka mwili mzima. "Mkwe wangu, hebu mweleze huyu!"

Akaanza na zile saa tatu. Abiria akabisha. Mwingine akauliza kama Mwaka Mpya nao hutangulia. Mpanga kurasa akachora duara kwa kidole kwenye kioo chenye vumbi, mama akiitikia, "Enhe! Enhe!" Alipofika kwenye kugeuka kwa tarehe, stendi ilikuwa imebaki nyuma kitambo.

Yeye walimshusha kituo cha tatu. Alirudi kwa miguu, jua la utosi likimchoma, akicheka peke yake kama mtu aliyechanganyikiwa. Njia nzima alikuwa akitafuta namna ya kumwambia msimamizi kwa nini amechelewa.