Godoro la Kaka

Uzi haukuingia. Fundi aliutia mdomoni aulowanishe ncha, kama alivyofanya maisha yake yote, lakini mate hakuna. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa, na uzi ukatoka mkavu vilevile ulivyoingia. Akauchovya kwenye kikombe cha maji, akalenga tundu la shazia, sindano yake ndefu ya magodoro, kwa mkono unaotetemeka, akakosa, akalaani.

"Leo unagombana na nani?" aliuliza mama muuza mashuka wa duka la pili, akichungulia mlangoni.

"Na vidonge."

"Si ulisema ni vya usingizi?"

"Usingizi wenyewe unakuja asubuhi, nikishika kazi. Usiku tunatazamana tu."

Ilikuwa wiki yake ya kwanza ya kuvimeza. Daktari, binti mpole mwenye miwani, alimweleza bila kuzunguka kwamba hizo ni dawa za sonona, ila kwa kiwango kidogo huwasaidia baadhi ya watu waliokimbiwa na usingizi. Mdomo utakauka, kichwa kitakuwa kizito, mikono huenda ikatetemeka, choo kitakuwa kigumu. Mengi ya hayo yatapungua mwili ukizoea. Anywe mapema jioni, na asiache ghafla.

"Lakini mimi sina sonona, daktari. Nina hasira."

"Hasira na nani?"

"Na kaka yangu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Hiyo haina kidonge. Ukirudi tutaizungumza."

Hasira yenyewe ni hii. Mama yao aliugua kwa muda mrefu, na aliyemgeuza kitandani, aliyemlisha na kumwosha, ni Fundi peke yake. Usiku wa mwisho alimpigia kaka yake simu aje ampokee walau kidogo, maana macho yalikuwa yanajifumba yenyewe. Simu ikaita mpaka ikachoka. Fundi akasinzia kitini, na alipozinduka mama alikuwa keshaenda. Ndipo msibani, mbele ya ukoo mzima, kaka mtu akasimama na leso yake akasema, "Mama amekufa peke yake. Huyu alikuwa amelala." Watu wakaguna. Shangazi, ambaye neno lake katika ukoo halipingwi, akamtazama Fundi na kutikisa kichwa. Tangu siku ile Fundi akawa anakodolea dari hadi kunakucha. Mshona magodoro mzima! Watu wanalala kwa kazi ya mkono wake, yeye anakesha.

Sasa kaka huyohuyo mgongo umemshika, na bila haya akaagiza godoro la pamba. "La mkono wako, dada. Ya madukani yananiua."

"Utalipata, kaka," Fundi alimjibu kwa sauti tamu kama asali. Kisha akachagua pamba mbovu kuliko zote, yenye mbegu na mabonge, akaishindilia katikati, pale mbavu zinapotua. Alikuwa hajawahi kuharibu kazi kwa makusudi, na aliiharibu kwa ustadi. Na yeye akeshe! Akeshe macho yawe mekundu kama yangu!

Uzi ulipoingia hatimaye, kaka, amevaa koti na suruali ya kunyooshwa, akafika na shangazi. Shangazi akapitiliza hadi duka la pili kuchagua shuka. Kaka akajitupa juu ya godoro na viatu vyake. Fundi akasubiri alalamike. Kaka akageuka ubavu, akajinyoosha, akasema, "Aa, hapa sasa," na mara akaanza kukoroma.

Amelala! Juu ya mabonge yale! Fundi aliona kizunguzungu, akashika meza. Hakujua ni vidonge au ni chuki. Akainua kikombe ammwagie maji, kisha akaitazama shazia mkononi mwake, ndefu, imetungwa tayari. Akakiweka kikombe.

Alianzia pindo la koti. Mkono ulitetemeka, ikabidi aushike wa kulia kwa wa kushoto, na mara mbili ncha ilipita karibu na nyama. Akashuka kwenye suruali, paja kwa paja, mshono ule wa godoro unaotokea chini na kurudi juu, kila mmoja akiufunga fundo lisilofunguka bila mkasi. Kaka alikoroma tu.

"Nimepata ya mistari," shangazi alisema akiingia na shuka.

Kaka akashtuka, akataka kuinuka. Godoro likainuka naye, kisha wakaanguka pamoja. "Shangazi, amenishona! Ana wazimu huyu, anameza madawa!"

"Nameza dawa nilale," Fundi alisema. "Usingizi wangu uliuchukua wewe msibani."

"Mfungue mwenzio," shangazi akaamuru.

"Simfungui. Akitaka avue aondoke, mlango huo."

Mlangoni mama muuza mashuka alikuwa ameshasimama na wateja wake. Kaka aliwatazama, akaitazama suruali yake, akatulia.

"Mwambie shangazi ile simu," Fundi akasema.

"Simu gani?" shangazi akauliza.

"Nilimpigia usiku ule aje anipokee. Hakushika."

"Nilikuwa nimelala," kaka alinong'ona.

Shangazi akamgeukia polepole. "Wewe? Si uliniapia kwamba usiku ule hukufumba jicho kwa kumuwaza mama yako?"

 Kaka akasema, akitazama dari, "Niliiona. Nikaiacha iite. Niliogopa kuja kumwona anakata roho."

"Ukamtwisha lawama dada yako!" Shangazi aliiacha shuka ikaanguka. "Na mimi nikamtikisia kichwa!"

Fundi alifurahi. Kwa nini asifurahi? Furaha ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Kisha akapiga mwayo mkubwa wa kufungua taya.

"Dada, nikate basi," kaka alisema. "Mkasi."

Fundi alichukua mkasi ukutani, akautia mfukoni mwa aproni. Akanywa maji yake yote, taratibu. Halafu akaenda pembeni penye lundo la pamba safi, akalala, akawapa mgongo.

"Dada! Dada!"

Shangazi alivuta kiti, akakiweka katikati yao, akakaa.

"Nyamaza," akamwambia kaka. "Mwenzio anataka kulala."

Mama muuza mashuka akawarudisha wateja nyuma, akaufunga mlango bila kishindo.