Bahari ya Ukutani

Bahari yetu huwashwa kwa swichi. Mkufunzi anabonyeza, ukuta unapata mwanga, na maji yanajaa kutoka kona hadi kona, ya buluu, yenye povu, makavu. Hayana harufu. Ukinyoosha mkono unagusa ukuta.

Humu ndimo wanamofunzwa maafisa wa meli, mwanangu, na humu ndimo ulimofunzwa wewe. Chumba hiki wanakiita simuleta. Ni chumba cha nahodha kamili, kina usukani, rada, dira na honi. Kinachokosekana ni meli tu. Na mimi baba yako, niliyeacha shule kabla shule haijanizoea, ndiye ninayeshika usukani ili watoto wa watu wajifunze kuamuru.

Siku yangu ya kwanza humu, baada ya miaka mingi baharini, picha ililala upande, nami nikapanua miguu na kudaka reli kama mtu anayeangushwa. Sakafu ilikuwa imetulia tuli. Darasa zima lilicheka, na kicheko chako kilikuwa juu ya vyote.

"Baba, hapa hatuzami!"

Jirani yetu ni chumba cha injini, nacho cha kuigiza. Mashine zinanguruma kwenye spika, joto ni namba kwenye kioo, na wahandisi wanatoka na ovaroli safi kama walivyoingia. Anayewafundisha ni mwenzangu wa zamani wa melini, tunamwita Grisi. Kila asubuhi tunachokozana mlangoni.

"Vipi, sinema inaanza saa ngapi?" ananiuliza.

"Pita huko, bwana. Injini yako inakunywa umeme wa ukutani."

Tunacheka, lakini sote tunakumbuka. Yeye anakumbuka bomba lililomchoma kiganja. Mimi nakumbuka nyayo. Bahari, mwanangu, mimi niliisoma kwa nyayo. Mkondo ukiisukuma meli, sakafu inakwambia kabla ya dira. Hicho ndicho kitabu nilichokisoma nikakimaliza.

Nakukumbuka ulipokuwa mdogo. Nikirudi kutoka safari unapanda mabegani kwangu kabla sijatua begi. Unavuta sikio la kulia, nageuka kulia. Unavuta la kushoto, nageuka kushoto. Sebule ilikuwa mlango wa bandari, jiko lilikuwa gati, na mama yako anapiga kelele, "Nyie, mtanivunjia vyombo!" Nawe huko juu, kwa ukali wa nahodha: "Mama, usimsemeshe mshika usukani!" Nililala masikio yakiwaka, nikijiona tajiri. Kisha naondoka tena. Kila nikirudi nakukuta mzito zaidi, mpaka safari moja nikatua begi, nikainama kidogo, nikangoja. Hukupanda. Ulinipa mkono.

Ikaja siku ya mtihani wako wa mwisho. Meli ya kweli ilikuwa inakusubiri. Ukifaulu, unapanda. Ukishindwa, anapanda mwingine.

Mkufunzi akauliza kama nimpishe mtu mwingine kwenye usukani. Ukajibu wewe.

"Mwacheni huyo huyo. Kwani huko melini nitachagua?"

Mkufunzi akanigeukia. "Haya. Lakini mzee, nakujua. Hata kikohozi nisikisikie."

Maana sisi wa kazi hii tuna kikohozi chetu. Mshika usukani hamshauri afisa. Anapewa amri, anairudia kwa sauti, anaitekeleza, basi. Lakini afisa akisahau, unakohoa. Kidogo tu. Anazinduka, na hakuna aliyeaibika. Siku ile kikohozi kimoja kingefuta mtihani wako palepale.

Bahari ikawashwa. Tukaingia mlango mwembamba wa bandari, maboya kulia na kushoto, mbele kona ya kulia, na nyuma ya kona ukuta wa mawe.

"Mshika usukani, hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo!"

Mshika usukani. Hukuniita baba. Nikasimama wima.

Kona ikaja. Nikangoja amri, na amri haikuja. Mawe yakakua. Nikakuibia jicho: umesimama, mikono nyuma. Nikaiuliza miguu yangu, na miguu haikuwa na la kusema, kwa sababu sakafu ile imekufa, haijui mkondo wala wimbi. Amesahau, nikasema moyoni. Mwanangu amesahau. Mawe yakajaa ukuta mzima. Kikohozi kikapanda, kikafika kooni, kikakaa hapo kama kaa la moto.

"Kulia digrii kumi na tano."

"Kulia digrii kumi na tano!"

Sauti yangu ilipasuka. Meli ikageuka, ikapita katikati ya maboya taratibu kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala, ikaingia kwenye maji matulivu.

Baadaye, nje, ukanicheka. "Kwani hukuona maboya yalivyolala? Mkondo ulikuwa unatusukumia kulia. Ningegeuka mapema ningekupandisha mchangani, mzee wangu."

Sikuona. Nilikuwa nasikiliza kwa miguu ndani ya nyumba isiyotikisika. Wewe bahari umeisoma kwa macho, humu humu, kwenye maji ambayo mimi na Grisi tuliyaita sinema. Nilikosea, na sijawahi kufurahia kosa namna ile.

Sasa umeondoka na meli yako. Grisi anasema nimekuwa mpole, namwambia aende zake. Asubuhi nafika kabla ya wanafunzi, nabonyeza swichi mwenyewe. Ukuta unapata mwanga, maji yanajaa kutoka kona hadi kona. Naangalia kwanza maboya yamelala upande gani. Kisha nainua macho hadi pale maji yanapokutana na mbingu, na hapo nakwama. Najua ni picha. Najua hakuna meli itakayotokea pale mpaka mkufunzi aiweke. Lakini maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kungojwa, sikuwahi kujifunza kungoja, na bahari niliyo nayo karibu ni hii. Basi nasimama mbele yake, nayaangalia maji yale makavu kama anavyoyaangalia mtu mwenye mtu wake huko.