Ekzosi ya Mwalimu Benjamini

Vijana wa gereji hapa mtaa wa Gerezani wakinikuta chini ya gari nafungua ekzosi, lile bomba la moshi, hunicheka: mzee Gaudens, ekzosi moja asubuhi nzima? Nawaacha wacheke. Hawajui ekzosi ilinifanya nini mimi.

Mwaka themanini, vita vimeisha, nchi haina kitu. Sabuni foleni, sukari foleni, na spea ndiyo usiseme. Mimi kijana, nimetoka Masasi na spana zangu mbili, napiga kazi uchochoroni nyuma ya soko la Kariakoo. Ndipo binti mmoja, Evarista, akaniletea Pijo 404 ya baba yake, mwalimu Benjamini wa Upanga. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kumtupa mkono, akamwachia binti usukani. Bomba la moshi lilikuwa limeanguka upande mmoja, linaburuzika kwenye lami tangu Mnazi Mmoja, watu wote wanageuka. Yeye wala. Alishuka, akanisalimu "ndugu fundi", akakaa juu ya tairi na kuanza kufuma kitambaa cha kochi.

Jamani, nilichanganyikiwa.

Bomba lile hushikiliwa na mipira. Ya dukani haikuwepo, tulikuwa tunakata tairi kuukuu, na ukikata tairi vizuri unafunga unasahau. Mimi nikakata tyubu. Mpira wa tyubu karibu na bomba la moto haumalizi wiki mbili, nami nilijua vizuri sana. Siku ya kumi na tatu nikamsikia anakuja, gari linanguruma kama trekta. Nikamwambia spea hakuna, ndugu yangu, tunabahatisha tu. Nani angebisha? Nchi nzima ilikuwa inasema hivyo hivyo.

Akarudi mara saba. Nilifungua na kufunga polepole, makusudi, huku ananihadithia habari za wanafunzi wake, maana naye alikuwa mwalimu, na jinsi baba yake anavyosahihisha madaftari kwa kioo cha kukuzia. Kitambaa kikaisha, akaanza kingine. Mafundi wenzangu wakanipa jina: Fundi Rudi Kesho. Liliniuma, maana kazi naijua, lakini nilimeza. Kila alipoondoka nilijiapiza kwamba akirudi namwambia. Akirudi, nashika spana.

Mara ya saba hakutoa kitambaa. Alisimama tu. Akasema baba yake amechoka, bomba likianguka tena gari linahamia kwa fundi mwingine, karibu na nyumbani kwao. Nikabaki chini ya gari natazama ile mipira iliyokatika. Nikifunga kihuni, nampoteza kwa aibu. Nikifunga sawasawa, hana sababu ya kurudi. Yalibaki maneno, na maneno ndiyo sikuwa nayo. Kiburi cha ufundi kikanishinda. Nilikata tairi la lori, nikafunga mipira minne mipya, nikabadili na bolti. Nilipoliwasha, gari lilinong'ona.

Evarista alisikiliza kidogo. "Hakuna kingine, ndugu fundi?"

"Hakuna, dada. Hili halirudi tena."

Akanitazama, akaingia garini, akaondoka.

Na kweli halikurudi. Ilipita miaka miwili ndipo mdogo wake wa kiume akalileta kwa ajili ya breki. Nikajifanya naulizia habari za nyumbani. Akasema dada ameolewa Songea, ana mtoto. Halafu akacheka.

"Tulimwambia tangu mara ya pili akuache, wewe hujui kazi. Akagombana na nyumba nzima, hadi na mzee. Akasema fundi wake ni wewe."

Nilicheka naye, kisha nikainama kwenye gurudumu ili asinione uso. Mara saba. Mwanamke mwenye akili zake, mwalimu, anawapita mafundi wote wa njiani kwa kelele zile, anakuja kwa mtu asiyejua kufunga bomba, na mimi mjinga nikadhani ujanja ni wangu peke yangu.