Marahaba ya Bibi Elisifa

Jumatano iliyopita nusura nipigwe mwavuli na mwanamke wa miaka sabini na sita katikati ya soko la Bomang'ombe, na mpaka leo nikikumbuka moyo unanidunda kwa furaha. Niacheni niwaeleze mwenyewe, maana habari inayotembea kwenye kijiwe cha bodaboda imetiwa chumvi nyingi, eti nilimpora bibi wa watu simu. Sikumpora mtu simu.

Mimi ni Mwantumu, mama Swaleh, wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Nimezaliwa Majengo, Moshi mjini, nikamfuata mume huku, na kibanda changu kinatazamana na wauza ndizi. Nina mdomo, nakubali. Mteja akinichelewesha namwambia. Na hakuna aliyekuwa akinichelewesha kama Bibi Elisifa wa Masama.

Bibi Elisifa hushuka kila siku ya soko na mikungu yake ya ndizi mshare. Akifika dirishani kwangu haanzi na shida iliyomleta. Anaanza na mimi, anakuja kwa Swaleh, anakuja kwa mume wangu Fikirini na mgongo wake unaomsumbua, anamalizia na mama yangu kule Majengo. Nikishajibu yote, na mimi lazima niulize: nyumbani, migomba, watoto walioko mbali, halafu ng'ombe wake wawili, mmoja mmoja. Watu nyuma yake wanakohoa. Mimi namjibu huku nimeshanyoosha mkono kupokea hela ya mteja mwingine, na yeye anajifanya haoni.

Wiki iliyotangulia, katika salamu hizo hizo, alinieleza jambo lililomfurahisha mno. Kikundi chao cha kina mama wafugaji, ambacho yeye ndiye mweka hazina, kilikuwa kimekamilisha mchango wa mwisho. Kwa miaka minne wamekuwa wakinunuliana mitamba ya ng'ombe kwa zamu, na aliyebaki ni mmoja tu, Magdalena, mjane mwenye watoto watatu, aliyekubali kuwa wa mwisho ili wenzake wasigombane. Jumamosi ya wiki inayofuata wanakwenda kumchukua huyo mtamba. Magdalena ameshajenga banda, ameshakata majani, na usingizi haumpati.

Sasa, Jumatano hiyo Bibi Elisifa akatokea bila ndizi. Simu sikioni, kitenge kimekaa upande. Akafika dirishani, akasukuma furushi la noti na kikaratasi chenye namba ya simu.

"Weka hapa," akasema.

Basi. Hakuna habari za nyumbani, hakuna Swaleh, hakuna mgongo wa Fikirini. Nilishtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Nilifikiri kuna msiba.

"Bibi, kuna nini?"

Simu ndiyo iliyonijibu. Bibi hasikii vizuri, kwa hiyo simu yake huiweka sauti ya juu, na sauti ya mwanaume ikatoka waziwazi: "Mama Elisifa, usiongee na huyo wakala. Nilikwambia, mawakala wote wa wilaya ya Hai wako kwenye uchunguzi. Sisi serikali tunajua tunachofanya."

Damu ikanipanda. Nikaingiza ile namba kwenye simu yangu ya kazi, likaja jina la mtu na jina la baba yake. Jamani, mimi hapa dirishani kila siku nalipia watu kodi ya ardhi na leseni za biashara. Serikali inalipwa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo unayopewa na ofisi yenyewe, hailipwi kwenye laini ya mtu binafsi. Mdomo wangu ukanitangulia kama kawaida yake.

"Bibi, huyo ni tapeli. Kata simu hiyo. Tapeli mkubwa huyo."

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Bibi alilinyakua furushi, na ile sauti ikatulia kabisa, ikawa ya mtu aliyekuwa anasubiri neno hilo hilo.

"Umeona, Mama Elisifa? Si nilikwambia atasema hivyo? Sasa unaamini kwamba yumo kwenye mtandao wao? Toka hapo. Nenda kwa wakala mwingine, na usimfungulie mtu mdomo."

Bibi akaniangalia kama anavyoangaliwa mwizi. Kisha akageuka na kwenda.

Upande wa pili wa soko yuko wakala kijana, Nurdin. Simsemi vibaya, lakini Nurdin haangalii uso wa mteja. Hujamaliza kutaja namba, yeye ameshatuma. Nikampigia, simu yake inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Furushi lile si hela ya ndizi, ni hela ya mtamba, na kila nikifikiria yule Magdalena na banda lake tupu, miguu inawasha. Nikafunga droo, ufunguo nikautia kifuani, nikatoka mbio.

Na mbio zangu mnazijua. Ndala moja ilikatika kwenye nyanya za watu, nikaiacha. Bibi Elisifa amepanda na kushuka mlima maisha yake yote, anatembea kama ameitwa. Nilimfikia hatua kumi kabla ya kibanda cha Nurdin, nikasimama mbele yake, nikatanua mikono. Akainua mwavuli.

"Mwantumu, nipishe. Utanifungisha jela."

Kwa macho aliyonitolea nikajua nikisema tena neno tapeli nimempoteza. Yule mtu alikuwa ameshalitia sumu kila neno langu kabla sijalisema. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo mume wangu hataki kuamini kwamba nililifanya: nikanyamaza. Nikavuta pumzi, nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa na mama.

"Shikamoo, bibi."

Aliuma midomo. Nilimwona anapigana na jibu. Lakini mwanamke yule tangu azaliwe hajawahi kuiacha shikamoo iende bure, hata ya mlevi, hata ya mtoto aliyemwibia maparachichi.

"Marahaba," ikamtoka.

"Nani huyo?" simu ikauliza. "Nimesema usimjibu mtu."

Nikamtupia jicho Gladness, muuza nyanya, ambaye kwao na kwa bibi kule Masama ni majirani, mkono wa kulia na wa kushoto. Gladness si mjinga. Akainuka.

"Shikamoo, bibi. Za Masama?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri."

Kijana wa bodaboda akaona kuna jambo, naye akavua kofia. "Shikamoo, bibi." Muuza dagaa naye. Mpiga viatu rangi naye. Zikaanza kumiminika kutoka kila upande, na bibi maskini anageuka huku na huku na mwavuli wake, "Marahaba. Marahaba, baba. Marahaba, mama, hujambo?" na mimi nataka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Kila marahaba moja ilikuwa inamrudisha kwetu kidogo.

Yule mtu kwenye simu akashindwa kuvumilia. "Wewe bibi kizee, una akili kweli? Nimesema funga mdomo. Serikali inaongea, wewe unajibu salamu za wapumbavu wa sokoni?"

Watu wote wakasikia.

Bibi Elisifa akaishusha simu kutoka sikioni, akaishika mbele ya uso wake.

"Baba," akasema taratibu, "umesema unatoka ofisi gani?"

"Kitengo maalumu cha uhakiki wa vikundi. Nimeshakwambia. Hela ikae kwetu siku moja tu, ihakikiwe, irudi. Unataka tuje na gari la polisi hapo kwako?"

"Sauti yako ni ya rika la mjukuu wangu wa tatu. Tangu saa mbili asubuhi unaniita majina yangu matatu. Umenitisha na gereza. Umenitisha kwamba nitatangazwa kanisani mbele ya watu. Nimeingia ofisi za serikali tangu nywele zangu ni nyeusi, nimekutana na wakali na wapole, lakini hakuna aliyekaa na mimi asubuhi nzima asiniamkie. Wewe hujaniamkia hata mara moja."

Sauti ikarudi laini kama siagi.

"Samahani sana, bibi yangu. Ni kazi nyingi tu. Shikamoo."

Tukamwangalia bibi, sisi sote. Gladness ameshika nyanya moja mkononi, haiweki chini. Mimi nilikuwa sijui itakuwaje, nasema kweli, maana ninamjua bibi na hiyo shikamoo.

Bibi Elisifa akatia kidole kwenye kitufe chekundu, akakibonyeza, akaiweka simu kwenye mfuko wa gauni.

Soko lililipuka. Kijana wa bodaboda alipiga honi mpaka mwenzake akamkemea. Mimi nilimkumbatia bibi, furushi katikati yetu, na hapo ndipo akakaa kwenye kreti ya Gladness na kulia. Alisema alimwamini kwa sababu alijua jina la kikundi na yeye ni nani ndani yake. Nikamuuliza namba yake imebandikwa wapi. Akafikiri, akashika kichwa. Ilikuwa kwenye ubao wa matangazo pale ofisi ya kijiji, jina lote, cheo na namba ya simu, yeyote apitaye asome.

"Na alinikataza nisimwambie mtu," akasema. "Hapo ndipo ningejua. Jambo la halali linakatazwa kusemwa kwa nini?"

Ile namba tuliiripoti hapo hapo. Jumamosi mtamba alipanda Masama, na nasikia Magdalena alitembea nyuma ya gari tangu njia panda, akikataa kupanda, ili amwone vizuri.

Jana Bibi Elisifa alishuka na ndizi zake. Foleni ilikuwa ndefu. Akaanza na mimi, akaja kwa Swaleh, akaja kwa mgongo wa Fikirini, akaja kwa mama. Jamaa mmoja nyuma akakohoa.

"Kohoa vizuri," nikamwambia, "tuna ng'ombe watatu wa kuwaulizia."