Maneno Aliyokatazwa Alute

Alute hakuwahi kutunga wimbo akiwa amekaa. Aliufuata kwa miguu, kutoka nyumbani kwake karibu na Ulemo mpaka mbugani na kurudi, jembe begani, akitia neno, akilitoa, akilitia tena, hata watu wa njia ile wakazoea kumsalimia bila kuitikiwa. Ukimuuliza nani alimfundisha, alimtaja kwanza mama yake, aliyekuwa akisaga uwele kwenye jiwe huku akiimba kwa Kinyiramba mambo ambayo asingethubutu kuyasema mbele ya mumewe. Kisha alikutajia dirisha la kanisa kule Kiomboi. Ujanani alikuwa mfagiaji wa wodi za hospitali huko, na kila jioni alisimama nje ya dirisha lile kusikiliza kwaya ikigawana sauti nne.

Mwisho alimtaja Nathanaeli.

Nathanaeli alipiga zeze. Alute alileta maneno, Nathanaeli akayatafutia sauti, na mara nyingi akayapunguza nusu.

"Wimbo wako umealika watu wengi mno," alikuwa akisema. "Viti viko wapi?"

Alute alikuwa akikasirika, akienda zake hadi mtoni, na kurudi na beti mbili badala ya sita. Ndivyo walivyofanya kazi zaidi ya miaka ishirini. Walitunga nyimbo za mavuno na za harusi, na mwaka wa uhuru walitunga wimbo ulioimbwa na watu wa vijiji saba, Wakristo na Waislamu, mpaka sauti zikawakauka.

Mwaka 1971 Klara, mtoto pekee wa Nathanaeli, alifariki katika uzazi, yeye na kichanga chake. Mama yake alikuwa ametangulia siku nyingi. Nathanaeli alimzika binti yake nyuma ya tembe lake, hatua chache kutoka ukutani, na kwa miezi minne hakugusa zeze. Siku alipoligusa, alimwita Alute. Akapiga sauti moja fupi, inayopanda polepole, ikifika juu inasita kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha inashuka. Alute alilia waziwazi.

"Nitaitafutia maneno," alisema.

"Hapana. Hii usiitie neno hata moja. Hapo ndipo ninapomwona mtoto wangu. Nikisikia maneno, simwoni."

"Nimekusikia, ndugu yangu."

Na kwa miaka mitatu alishika ahadi yake.

Mwaka 1974 likaja agizo la watu wote kuhamia kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara. Fabiano, katibu wa kijiji, alimfuata nyumbani Alute, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa kwaya ya kijiji. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kabisa shule na kisima alivyovizungumzia.

"Mwalimu, watu wanaogopa," alisema. "Tupe wimbo wa kuwatoa majumbani mwao wakiwa na furaha. Malori yanakuja Jumatatu ijayo."

Alute alitembea siku tatu bila kupata kitu. Maneno yalikuwapo, sauti haikuwapo, na Nathanaeli alikuwa ng'ambo ya bonde, mguu umemvimba, hatoki. Siku ya nne, akiwa njiani, miguu yake yenyewe ilianza kwenda kwa mwendo wa ile sauti aliyokatazwa. Alisimama. Alijua anachofanya, hilo hakulikana hata siku moja maishani mwake. Lakini maneno yalikuwa yakiingia yenyewe, moja baada ya jingine, kila moja mahali pake, na kwa mtunzi hakuna kitu kitamu kama hicho. Pale sauti iliposita juu, akaweka: *Waliolala tuwaache walale.* Pale iliposhuka, akaweka: *Sisi twende kunakokucha.*

Kwaya iliushika kwa jioni moja. Theodora, mkewe, alisikiliza akiwa mlangoni.

"Baba Esta, hiyo si sauti ya Nathanaeli?"

"Ni yetu sote wawili."

"Umemwambia?"

Alute aliiashiria kwaya ianze tena.

Jumatatu kwaya ilitangulia, malori yakafuata. Watu waliokuwa wamejifungia walitoka, wengine wakicheza huku wamebeba vinu na mitungi. Fabiano alimshika Alute mkono kwa furaha. Waliingia boma baada ya boma, na kabla ya saa sita wakafika kwa Nathanaeli.

Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, karibu na kaburi, mguu ameunyoosha. Waimbaji hawakujua lolote, wakaendelea. Nathanaeli aliusikiliza wimbo mpaka mwisho. Kisha akamtafuta Alute kwa macho.

"Nilikukataza nini?"

"Maneno," Alute alisema.

"Nawe umetia maneno gani pale juu? Masikio yangu yamezeeka. Hebu niambie."

Alute aliyatamka kwa sauti ndogo, bila kuimba. Waliolala tuwaache walale.

Mgambo wawili walikuwa wamejiandaa kumbeba kwa nguvu, maana ilisemekana ameapa hatoki. Hawakuhitajika. Nathanaeli aliinuka mwenyewe, akaweka kiganja juu ya udongo wa kaburi kwa muda, akaenda kuingia kwenye lori. Alute alitamani wangemburuta. Angepata wa kumlaumu.

Katika kijiji kipya walipewa viwanja vya mtaa mmoja. Baada ya mvua za kwanza, Alute alijikaza akaenda kwake. Alimkuta anachambua maharage.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nilikwisha kukusamehe," Nathanaeli alisema, bila ukali wowote. "Kaa. Lakini sauti ile siipati tena. Nikiitafuta inakuja na maneno yako. Namtaka mtoto wangu, nasikia malori."

"Nitauzuia usiimbwe."

"Utauzuiaje?"

Alijaribu. Alimwomba Fabiano, naye akashangaa: wimbo mzuri kama ule! Aliifundisha kwaya nyimbo nyingine, lakini wanafunzi waliuimba wakienda kuchota maji, kina mama waliuimba wakitwanga, na wasafiri walikuja na habari kwamba umefika Iguguno. Alute alikuwa ameomba maisha yake yote apate wimbo ambao watu wangekataa kuuacha.

Nathanaeli alifariki mwaka 1977, baada ya kuugua wiki mbili. Alizikwa kwenye makaburi mapya kando ya barabara, mbali na Klara, kwa kuwa pori lilikuwa limeshafunga njia ya kurudi kwenye tembe lake la zamani. Wazee walimtaka Alute aongoze wimbo wa kumuaga. Alisimama mbele ya kwaya, akawaambia wavumishe tu ile sauti midomo ikiwa imefungwa.

Walianza vizuri. Sauti ilipanda kama ilivyopigwa siku ile ya kwanza, na Alute akafumba macho. Ilipofika juu ikasita, na katika kile kimya kifupi bibi mmoja wa safu ya nyuma, kwa mazoea tu na kwa mapenzi, akafungua kinywa. Watoto wakampokea. Kisha uwanja mzima, mamia ya watu, wakawa wanamwimbia Nathanaeli kaburini maneno yaliyoagizwa na katibu, na walikuwa wanalia kweli.

Alute hakuwanyamazisha. Alisubiri hadi ubeti wa mwisho, akachukua koleo kwa mmoja wa vijana, akafukia pamoja nao mpaka mikono ikamtoka malengelenge. Wiki iliyofuata alimpelekea Fabiano taarifa kwamba kwaya itafute mwalimu mwingine.

Aliendelea kutembea asubuhi kwenda mbugani, jembe begani. Aliyekutana naye akimsalimia, siku hizo aliitikiwa mara moja.