Kijiko cha Asubuhi

Steinvör alikuwa ameshavaa buti za mpira alipokunywa kijiko chake cha mafuta ya ini la samaki, akakilamba, akakirudisha kando ya chupa. Ndivyo marehemu mama yake alivyomlea, na huku Aislandi nani hakulelewa hivyo? Njaa ilimuuma. Tangu jana jioni hakutia kitu kinywani, maana leo alikuwa anakwenda kutolewa damu ipimwe mafuta.

Mimba ilimletea kisukari, na katika kipimo kilichopita mafuta kwenye damu yalikuwa juu mno. Mtoto wa mama wa namna hiyo, daktari wa mjini alimweleza kwa simu, huweza kuzaliwa mkubwa kupita kiasi, kisha sukari yake ikashuka ghafla. Majibu yakiwa mazuri, angejifungulia hospitali ya ng'ambo ya mlima, karibu na dada yake. Yakiwa mabaya, angepelekwa mji mkuu akangoje huko peke yake, mumewe akiwa baharini. Wodi ya wazazi ya hapa kwao, alikozaliwa yeye mwenyewe, ilishafungwa kubana matumizi. Siku hizi ni stoo ya viti.

Msimamizi wa kiwanda cha minofu ya samaki alikofanya kazi alimpa ruhusa huku amenuna, utadhani kaombwa figo.

Zahanatini, muuguzi Bergrós alishamfunga mpira mkononi alipomuuliza kama amekula chochote.

"Sijala kitu. Kijiko changu tu cha asubuhi."

Bergrós akaufungua mpira polepole. "Mpenzi, hayo si mafuta?"

Steinvör alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Kwake kile hakikuwa chakula, kilikuwa kama kupiga mswaki. Aliomba arudi kesho, lakini ndege ya kubeba damu ni ya leo, nyingine mpaka wiki ijayo. Daktari alipopigiwa simu wala hakukaripia. Alisema tu kwamba bila majibu hawezi kubahatisha, mama aende mji mkuu.

"Kwani nyumbani hapakuwa na mtu wa kukukumbusha?" Bergrós aliuliza.

"Nani?"

Muuguzi akainama kukusanya vichupa vitupu. Steinvör akarudi kiwandani, akakata samaki mpaka jioni.

Asubuhi ya safari, begi likiwa mlangoni, alimimina kijiko chake. Akakishika mbele ya mdomo, akangoja mtu amwambie asinywe. Jikoni hapakuwa na mtu. Akakinywa.