Namba Nyuma ya Saksafoni

Saa nne asubuhi, Jumatano ya pili ya Julai 2024, namba ilionekana. Parsimei alikuwa akisugua ukoko wa kijani nyuma ya saksafoni kwa kitambaa na ndimu. Chini kidogo ya mahali pa kuegemeza kidole gumba, tarakimu zikajitokeza moja moja: 61408.

"Ng'ombe wako huyu ana alama, Mwalimu," alisema. "Kwetu asiye na alama ni wa yeyote aliyemwona kwanza."

"Huyu hajawahi kupotea. Amekaa juu ya kabati la mama yangu kule Endabash maisha yangu yote," Selestina alijibu.

Selestina alikuwa amefundisha fizikia kwa miaka thelathini kabla ya kuacha kazi ya shule, na alizoea kutenga aliyoambiwa na aliyoyapima mwenyewe. Kuhusu baba yake hakuwa amepima chochote. Aliambiwa kwamba Hhando alikuwa mpiga saksafoni wa bendi ya dansi Arusha; kwamba aliondoka mimba ikiwa changa, akaacha ala yake iwe ahadi ya kurudi; kwamba hakurudi, na baadaye akafia mbali. Selestina alizaliwa Machi 1971. Picha ya baba hakuwa nayo hata moja. Utotoni, kila gari lililotimua vumbi kutoka upande wa Karatu lilimtoa shambani mbio hadi barabarani, akasimama mpaka lipite.

Sasa mama yake alikuwa anazeeka, na Selestina alitaka kitu kimoja tu: kusikia sauti ambayo baba yake aliisikia. Ndiyo maana alimletea Parsimei ala hiyo. Kijana huyo wa Kimaasai alipigia wageni saksafoni kila jioni katika hoteli moja ukingoni mwa kreta, na mchana alitengeneza ala za makwaya.

"Unapiga ukiwa na shuka?" Selestina aliwahi kumuuliza.

"Nikivaa suti hawapigi makofi, Mwalimu. Nikivaa shuka, hata nikikosea wanasema ni utamaduni."

Parsimei aliingiza namba kwenye simu. Ala ilitoka katika kiwanda cha Chekoslovakia ya zamani, na wapenzi wa ala kuukuu walikuwa wametunga orodha ya namba na miaka. Orodha ilisema: kati ya 1968 na 1978.

"Miaka kumi si jibu," Selestina alisema. "Huo ni ukungu tu." Nje, ukungu wa Julai ulikuwa bado haujaiachia Karatu. Alitarajia 1969, labda 1970. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, lakini kumbukumbu zake zilitunzwa katika makumbusho ya mji kilipokuwa. Akawaandikia.

Jibu lilikuja baada ya majuma mawili. Saksafoni namba 61408 ilikamilika mwezi Septemba 1976, ikafungwa kwenye kreti mwezi uliofuata na kusafirishwa Afrika Mashariki.

Hakuamini. Aliandika tena kuuliza kuhusu namba ya kabla yake na ya baada yake, kwa kuwa karani wa kiwanda anaweza kukosea mstari mmoja. Zote mbili zilikuwa za juma lile lile. Alimuuliza Parsimei kama namba ingeweza kubadilishwa. Parsimei aliigeuza ala kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapana. Ona, vanishi ya kiwandani imepita juu ya tarakimu. Walichonga kwanza, ndipo wakapaka."

Hesabu iliyobaki ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili. Saksafoni hiyo ilipotengenezwa, Selestina alikuwa na miaka mitano na nusu. Haikuachwa kabla hajazaliwa. Kuna mtu aliyeileta.

Jumamosi aliipeleka Endabash. Mama yake, Lukresia, alikuwa amekaa mlangoni na ungo mapajani, akichambua maharage ya ngwara.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na lile domo? Limepona?" aliuliza, akilitazama sanduku la saksafoni.

"Limepona. Mama, lilifika hapa lini?"

"Nimekwambia mara ngapi? Kabla hujazaliwa."

"Lilitengenezwa mwaka sabini na sita."

Vidole vya Lukresia viliendelea kutupa mbovu upande huu, nzima upande ule. "Nani kasema?"

"Kiwanda."

"Kiko wapi hicho kiwanda?"

"Ulaya."

"Ulaya wanajua ya nyumba yangu?"

"Ya nyumba yako hawayajui. Wanajua tu kwamba mwaka niliozaliwa walikuwa hawajalitengeneza."

Lukresia alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefungiwa njia na mbuzi wake mwenyewe. "Nilikusomesha mwenyewe," alisema. Kisha, macho yakiwa kwenye ungo: "Alikuja. Mwaka ule mpaka wa Kenya ulipofungwa, sabini na saba, tukivuna mahindi. Alikuja na mke. Mke alibaki garini."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Ulimletea maji ya kunawa. Nikakwambia, msalimie mjomba. Ukamwamkia vizuri, umeinamisha kichwa."

"Akasema nini?"

"Marahaba. Akairudia. Marahaba, marahaba, kama mtu aliyesahau maneno mengine yote. Akaniachia hilo domo, akasema ni la mtoto. Nikalifungia sandukuni miaka miwili, mpaka uache kuuliza yule mjomba ni nani."

Selestina alitafuta. Bakuli, mikono ya mwanamume, gari lililosimama. Hakupata kitu, na hakukubali kujitungia. Kumbukumbu yake ya kwanza ya saksafoni ilikuwa ile ile ya siku zote: juu ya kabati, imefunikwa kitenge.

"Mbona hukuniambia?"

"Asiyekuja kabisa, mtoto humsahau. Anayekuja siku moja, humngoja mpaka azeeke. Sikutaka ungoje."

"Nilingoja, Mama."

"Najua. Nilikuwa nakuona pale barabarani." Lukresia alitupa punje mbovu. "Nikadhani utachoka."

Selestina aliketi karibu na ungo. Jirani alipita na punda wawili, akasalimia kwa Kiiraqw, akajibiwa. Kisha Lukresia akauliza, "Linalia?"

"Linalia."

"Aliondoka bila kulipiga. Nilimkataza, nikasema watu watajaa."

Selestina alifungua sanduku. Parsimei alikuwa amemfundisha noti moja tu, na jinsi ya kulowesha ulimi mwembamba wa mwanzi ulio kwenye kipulizio kabla ya kupuliza. Aliulowesha. Aliweka kidole gumba mahali pake, juu kidogo ya namba, akapuliza. Mara ya kwanza pumzi ilipita bure. Mara ya pili noti ilitoka, ikakatika, ikarudi, ikakaa.

Lukresia aliacha kuchambua ngwara.